Bwana Misitu na Viwanja vya Wastaafu

Bwana Misitu alikuwa hawezi kupita kisiki bila kusimama. Ungekuwa naye njiani, mnaongea mambo ya maana kabisa, labda unampa habari za msiba, ghafla unajikuta unaongea peke yako. Ukigeuka nyuma unamkuta ameegesha baiskeli, ameinama, anapapasa mkato kwa kidole gumba. Anakuja taratibu, anakuambia, "Huyu ametumia panga. Tena panga butu." Halafu anaendelea kama vile hakuna kilichotokea: "Enhe, marehemu ameacha watoto?" Tabia hiyo ilikuwa inaniudhi tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kuizoea.

Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Kwa wafuga nyuki, kwa wanawake wa kuni, hata kwa mke wake akiwa amekasirika, alikuwa Bwana Misitu. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alikuja bwana misitu mpya, kijana aliyetoka chuoni na pikipiki yake. Kijana wa watu alikaa Mpanda miaka kadhaa akiitwa "yule wa pikipiki," kwa sababu cheo chake kilikuwa kimeshakuwa jina la mtu.

Tulikuwa majirani katika nyumba za watumishi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kati ya ua wetu na wao palikuwa na uzio wa minyaa ambao kuku hawakuutambua, na mimi sikuutambua pia. Mama yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Kuanzia hapo mke wa Bwana Misitu ndiye aliyenisuka, aliyenifundisha kupika, na aliyenieleza mambo ambayo baba asingeweza kunieleza bila kukohoa. Nilimwita mama, naye aliitika. Kwa hiyo nikimsema vibaya mume wake humu, nina haki ya kumsema.

Msitu aliokuwa akiulinda haukuwa mkubwa. Ulianzia pale nyumba za Shanwe zilipokuwa zikiishia, ukapanda mgongo mdogo wa kilima, ukateremka kuelekea upande wa Kakese. Miyombo, mininga, mitundu, na chini yake majani ambayo wakati wa kiangazi yalikuwa yakilia chini ya miguu. Bondeni mlikuwa na chemchemi. Bomba za mjini zikikauka, na zilikuwa zinakauka karibu kila mwaka, watu wote wa upande ule walikwenda na ndoo zao kuchota pale. Serikali iliuweka msitu ule chini ya hifadhi kwa sababu ya chemchemi hiyo, na Bwana Misitu aliuchunga kama mtu anayechunga nyumba ya jirani aliyesafiri.

Usidhani alikuwa malaika. Alikamata magunia ya mkaa barabarani, akawatoza watu faini, kisha akarudi nyumbani kula maharage yaliyoiva kwa mkaa. Mke wake hakuacha kumkumbusha. "Leo tule mbichi, mume wangu? Maana moto huu nao una kesi." Yeye alijibu kwamba mkaa wake ulikuwa na kibali, na mama alicheka mpaka akaketi chini. Aliwapenda wazee wa Kikonongo waliotundika mizinga yao ya magome humo msituni, na alijua mzinga upi ni wa nani kwa kutazama alama iliyochongwa. Lakini nyuki wenyewe aliwaogopa kupita kiasi. Mzee mmoja alinisimulia jinsi Bwana Misitu alivyoacha viatu vyake chini ya mti, akakimbia peku mpaka Shanwe, na kesho yake akapeleka kijana kuvifuata, akisema alivisahau.

Alikuwa mkali kwa utaratibu wake mwenyewe. Mvua za kwanza zikishanyesha, wanawake walikuwa wanaingia msituni kuchuma uyoga, na hapo alikuwa anatafuta kazi ofisini asiwaone. Ila ukikata mti hata wa kushikilia bendera ya harusi, ungemjua. Wakati fulani mfugaji mmoja wa Kisukuma alifika na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akawaingiza bondeni kunywa maji. Bwana Misitu alikwenda kumtoa asubuhi. Mchana hawajamaliza kubishana. Jioni tulisikia amekula ugali na maziwa kwa mfugaji yule yule, ng'ombe wametoka, na wamekuwa marafiki. Nilimuuliza walikubalianaje. Alisema, "Nilimuuliza tu, hao ng'ombe wakishamaliza kukoroga maji, wewe na watoto mtakunywa yapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake katika kila jambo. Alitazama maji yanakoelekea, na huko ndiko alikomalizia.

Sasa niseme habari ya nyumba, maana bila hiyo huwezi kumwelewa.

Watumishi wa kizazi cha baba zetu waliishi katika nyumba za serikali tangu walipoajiriwa. Walihamishwa Kigoma, wakahamishwa Tabora, wakaletwa Mpanda, na kila walipofika walikuta mlango uliopakwa rangi na watu wengine. Hawakujenga. Walidhani muda upo. Ilipofika miaka ya tisini, wengine walistaafu, wengine wakapunguzwa kazini, na wote wakatakiwa kuachia nyumba. Watu wazima wenye mvi walianza kuulizana vyumba vya kupanga kama vijana wanaoanza maisha.

Bwana Misitu alijaribu. Alipata kiwanja kidogo Shanwe, akatafuta watu wakafyatua matofali, yakapangwa vizuri, yakakauka. Ikabaki kuyachoma. Hapo kila mtu Mpanda anajua cha kufanya: unaleta magogo, unawasha tanuru. Yeye alikataa kuni. Alisema hawezi kutumia miaka yake yote kuwazuia watu, halafu astaafu na kuwasha msitu ili apate ukuta. Akasema atachoma kwa pumba za mpunga. Alizibeba kwa baiskeli kutoka mashineni, gunia kwa gunia, mpaka watu wakaanza kumcheka. Tanuru lilitoa moshi mwingi, moto kidogo. Matofali yakatoka nusu yameiva, nusu ni udongo tu uliokasirika. Kabla hajapanga lingine, mvua ikawahi.

Tulikwenda kuangalia, mimi na mama. Tulikuta kilima chekundu kinachotiririka. Mama alisimama pale na kanga yake kichwani, akasema, "Nyumba yangu imeyeyuka." Hakumsema mumewe hata kidogo, siku ile. Mwaka uliofuata akaanza kuvimba miguu na kuhema akipanda hata ngazi fupi, na kile kiwanja kiliuzwa kwa ajili ya matibabu.

Hapo ndipo lilipokuja lile wazo la viwanja vya wastaafu.

Lilitoka kwa wastaafu wenyewe, na mwenyekiti wao alikuwa baba yangu. Waliomba sehemu ya juu ya msitu wa hifadhi ikatwe viwanja, wajengewe nyumba ndogo za ramani moja: vyumba viwili, sebule, baraza mbele. Pana hewa nzuri, karibu na mji, karibu na maji. Watu wa ardhi hawakukataa. Wakasema kwanza uitishwe mkutano, wananchi waseme. Baba alikuwa amekwisha kumtengea rafiki yake kiwanja cha kwanza kabisa, kile cha pembeni, ambacho mtu akikaa barazani angeuona msitu wote uliobaki. Alimpelekea habari hizo kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu mama yangu alipofariki. Bwana Misitu alimshukuru. Akasema, "Tutaongea mkutanoni." Baba hakuelewa. Mama alielewa, kwa sababu usiku ule alikuja kwetu kuomba chumvi wakati ndani kwake chumvi ipo.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule niliyokuwa nikifundisha. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda mpaka kifuani, kofia zao zimewekwa mezani. Ofisa ardhi alikuwa mbele. Baba alisimama akaongea vizuri. "Sisi tumejenga reli, tumejenga ofisi, tumejenga shule hii mnayoikalia. Miti ile inakaa bure. Sisi hatuna pa kukaa. Hatuombi kitu kikubwa. Tunaomba mahali pa kuwekea kitanda." Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga.

Kisha mama aliomba kusema. Haikuwa kawaida yake. Alisimama akishika dawati. "Mimi tangu niolewe nimefagia nyumba za watu," alisema. "Nimepanda maua, nimeyaacha. Nimepanda mipapai, wamekula wengine. Nataka mlango mmoja tu ambao nikiufunga hakuna mtu atakayekuja kuniambia nifungue nitoke. Basi." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu wanawake wengi pale walikuwa wanafuta macho.

Ofisa ardhi akasema, "Tusikie na Bwana Misitu wetu wa zamani."

Alisimama. Alikuwa amevaa tai. Alimtazama mke wake kwanza, kisha akatazama dirishani, na nikajua anatafuta mteremko.

"Tuseme tumejenga," alisema. "Nyumba zimekwisha, tumeingia. Sisi ni wazee. Mwaka wa kwanza anaondoka mmoja. Tutamzika wapi?"

Aliwatazama wazee mmoja mmoja, akaendelea.

"Mnajua wapi. Uani kwake. Kila mmoja wetu anataka alale kwake, ndiyo maana tunataka nyumba, tusidanganyane. Mwaka wa pili anaondoka mwingine. Mimi nitakuwemo. Haitapita miaka mingi, pale juu patakuwa makaburi yenye nyumba katikati. Na kaburi halihamishwi. Sasa mvua ikinyesha pale juu, maji yanateremka wapi?"

Wote walikuwa wamechota pale.

"Wajukuu wenu watatunywa," alisema.

Nimehudhuria mikutano mingi, sijaona darasa likilipuka namna ile. "Unatuchuria!" mzee mmoja alipiga kelele, akachukua kofia yake na kutoka. "Nyie msikilizeni huyu, anatuchuria mchana kweupe!" Wanawake walisonya. Baba alisimama. "Wewe mzee," alisema, "tumekuja hapa kuomba nyumba, wewe unatugawia makaburi?" Bwana Misitu alikaa kwenye dawati lake, akafungua kifungo cha juu cha shati.

Lakini maneno yale yalikwisha kutoka, na yalikuwa ya kweli. Yalifika sokoni, yakafika Majengo, yakafika kwa kila mwenye ndoo. Watu ambao hawakujali miti hata kidogo walianza kuuliza kama ni kweli wazee watazikwa juu ya chemchemi. Baada ya muda mfupi tukaambiwa ombi limekataliwa na hifadhi itabaki kama ilivyo. Hakuna aliyekwenda kumpongeza.

Siku ile ya mkutano nilirudi nyumbani na mama. Alikuwa anatembea polepole kwa ajili ya miguu yake, na mumewe amebaki nyuma na baiskeli, hatukaribiani. Tulipofika kwenye uzio aliniambia, "Alichosema ni kweli kabisa. Ningependa tu angekisema mtu mwingine."

Nyumba za watumishi zilichukuliwa. Baba alipata shamba Kakese, akajenga nyumba ya tope na kuhamia huko; mimi, mume wangu na watoto tukapanga mjini. Tangu mkutano ule hakuwa amesema na Bwana Misitu hata salamu. Bwana Misitu na mke wake walipanga vyumba viwili Majengo, nyuma ya duka, nyumba ya mfanyabiashara mmoja mpole tu. Mama alikuwa anaweka kitanda karibu na mlango apate hewa. Nikienda kumwona alinionyesha jinsi mlango ule usivyofunga vizuri, akacheka, na ule mcheko ulikuwa unaniumiza kuliko angelia.

Alifariki wakati wa masika, alfajiri. Nilifika nikamkuta Bwana Misitu amekaa kwenye ngazi ya duka. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumpa pole, tena kwa heshima, halafu akamwomba mwili usilale pale, kwa sababu wapangaji wengine wana watoto na wataogopa. Nilimchukia yule mtu. Sasa naona hakuwa mbaya, nyumba ilikuwa yake. Majirani walisimama wakiulizana msiba uwekwe wapi, na nilisikia mwanamke mmoja akisema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, kwamba viwanja vilikuwepo na mtu mwenyewe alivikataa.

Bwana Misitu alisikia. Alisema, "Ni kweli," akiitikia kama mtu aliyeulizwa.

Jua likiwa halijapanda sana alikuja baba yangu na mkokoteni wa ng'ombe alioazima kwa jirani yake Msukuma. Alishuka, akaingia ndani bila kumsalimu mtu, akakaa na marehemu kidogo. Alipotoka alimwambia Bwana Misitu, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile, "Wewe sijakusamehe. Huyu ni shemeji yangu. Atalala kwangu."

Tukampeleka Kakese. Msiba ukawekwa kwa baba, jamvi likatandikwa, ng'ombe wa mkokoteni wakafungwa pembeni. Tulimzika upande wa juu wa ua, mahali pakavu pazuri. Bwana Misitu alisimama katika mazishi ya mke wake kama mgeni, akisubiri kuambiwa aweke udongo lini, na baba ndiye aliyemshika kiwiko akamsogeza.

Baada ya hapo alikuwa anakuja kila juma. Nyumba ile hakuifanya yake hata kidogo. Alisimama kwenye uzio akapiga hodi, hata tukiwa tunamwona, hata mlango ukiwa wazi, na asingevuka mpaka aitikiwe. Alikwenda kaburini, akang'oa majani, kisha akaja kukaa na baba barazani. Walisikiliza redio. Habari zikiisha baba alisema, "Haya," naye akaitika, "Haya," akachukua baiskeli. Sijui kama hiyo ni kusameheana. Nadhani walikuwa wamechoka tu, na kila mmoja hakuwa na mwenzake mwingine.

Baba naye alifariki. Tulimlaza kulia kwa mama. Mimi, mume wangu na watoto tulihamia pale Kakese, na mwaka uliofuata mume wangu alichimba kisima nyuma ya jiko. Maji yalikuwa karibu, tukafurahi sana.

Mara ya mwisho nilipoonana vizuri na Bwana Misitu, miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Alikuwa hawezi tena baiskeli, na tangu mwaka uliopita hakuwa amefika kwetu. Alikuja na fimbo, akapiga hodi yake uzioni, nikamkimbilia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina jambo."

Nilimpa kiti, akakikataa. Alisema alitaka kuniuliza akiwa amesimama. Aliuliza kama kushoto kwa mke wake pana nafasi, na kama mimi na mume wangu tutaridhia. Alisema kwa haraka, akitazama fimbo yake, na mtu mzima yule aliyewahi kusimamisha darasa zima alikuwa anaona haya. Nilimwambia ipo. Nilimwambia mahali pale ni pake tangu siku tulipomleta mama, asingehitaji hata kuuliza. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akaomba akapaone.

Tulikwenda pamoja. Alisimama kwenye ile sehemu ya kushoto, akaipima kwa macho, uso wake umetulia kama ambavyo sikuwahi kuuona. Alikuwa ameridhika. Na mimi nilikuwa nimeridhika, kwamba angalau hilo tutampa. Halafu akainua macho kutazama mteremko, tabia ile ile, na akakiona kisima.

"Hicho mmechimba lini?"

"Mwaka huu, baba."

Alitazama kisima, akatazama kaburi, akatazama tena kisima. Binti yangu mdogo alikuwa pale anavuta ndoo.

"Basi haiwezekani," alisema.

Nilikasirika. Kusema kweli nilimpigia kelele. Nilimwambia tutakifukia, tutachimba kwingine, nilimwambia mama yupo hapo hapo na baba yupo hapo hapo na sisi tunakunywa na hatujafa. Nilimwambia ameshatoa vya kutosha kwa ajili ya maji ya watu.

"Wao walikitangulia kisima," alisema. "Mimi nimekikuta kipo."

"Tutakifukia!"

"Na huyu anywe nini?" Alimwonyesha binti yangu kwa fimbo. Hakuwa na hasira. "Mimi mtanipeleka makaburi ya mjini. Mwambie na mume wako, msije mkasahau."

Kisha aliinama, kwa shida, akaweka kiganja chake juu ya udongo wa kaburi. Alizungumza na mke wake kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia kwamba atachelewa kurudi kutoka kazini. "Mama, sitakuja kulala huku," alisema. "Usinisubiri."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, watu wanatutazama, na yeye alikuwa ananiuliza kama mahindi yetu yameota vizuri.